Miaka ya Sombe Bila Chumvi

Bunia, Shari, tarehe 11 Februari 2025

Mjukuu wangu Huguette,

Mimi sina tension, ile presha ya damu. Sijawahi kuwa nayo. Nilicho nacho ni woga, na nimeuficha chini ya jina la tension tangu ulipokuwa msichana wa shule ya msingi.

Nimeiweka habari hii mbele ya salamu, kosa ambalo nisingemsamehe mwanafunzi wangu hata mmoja. Lakini nimeshaanza barua hii mara kadhaa kwa salamu, na kila mara nikafika mwisho wa karatasi nikiwa bado nasalimu.

Sasa nikusalimu. Hujambo mama? Davy hajambo? Hapa nyumbani tuko salama. Shangazi yako Suzanne bado anauza vitenge vyake, na bado anagombana na mimi kuhusu madirisha: yeye anataka yafunguliwe, mimi nataka yafungwe. Mvua imekawia. Jirani ameleta mashine ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo usingizi wa mchana nimeuaga. Nakuandikia kwa mkono, na dereva Blanchard ataibeba barua akipita Epulu na lori lake la Kisangani. Simu ya nyumba hii inawekwa mezani kwa sauti kubwa, na majirani wanakujibu kabla yangu.

Unajua nilifundisha biolojia maisha yangu yote. Kila mwaka, darasa la tano, nilichora ubaoni figo mbili, na juu ya kila figo nikachora kitu kama kofia ndogo. Kofia ile ni tezi. Mtu akikutana na hatari, tezi inamwaga maji yake ndani ya damu, na kabla mwenyewe hajafikiri lolote moyo unakimbia, pumzi inafupika, tumbo linaacha kazi, damu inakwenda miguuni. Mwili unajichagulia: kupigana, kukimbia, au kuganda. Nilipofika kwenye kuganda nilisimama mbele ya darasa na chaki juu, macho wazi, bila kupepesa, mpaka wakaanza kucheka. Lilikuwa somo langu zuri kuliko yote.

Halafu ikaja vita hapa Bunia, na nikajua mimi ni wa aina gani. Mimi ni wa kuganda. Sitakuandikia tuliyoyaona, maana nawe ulikuwepo, mdogo, mgongoni kwa mama yako au chini ya kitanda. Nakuandikia lililobaki. Risasi zilikwisha, lakini kilio cha watu wengi kwa pamoja kilibaki na nguvu zake. Nikisikia mayowe ya matanga, mikono inakufa ganzi, ulimi unakauka, miguu inakuwa mali ya mtu mwingine. Najua jina la kila kitu kinachotokea ndani yangu wakati ule. Majina hayajanisaidia kitu.

Tension ilianza mwaka 2008. Siku yenyewe sitaiandika leo. Nilihitaji sababu ya kutokwenda mahali penye watu, na tension ni ugonjwa wa heshima. Hata wakubwa wanao. Nilidhani infirmier, muuguzi wetu, atanifichua. Akaja na kitambaa chake cha kupimia, akakifunga mkononi mwangu, akaanza kukijaza hewa. Nikaogopa aibu. Moyo ukaanza mbio, na mshale wa kipimo ukapanda. “Muzee,” akasema, “hii iko juu sana!” Na kila alipokuja ilikuwa vilevile. Woga wenyewe ulinitolea ushahidi wa uongo.

Tangu hapo Suzanne anapika bila chumvi. Nyumba nzima. Sijamwambia.

Nimeambiwa umeiahirisha tena ndoa yako na Davy. Mara ya pili sasa. Sikuulizi kama mkubwa wa familia. Najua umemwomba mjomba wako wa Mahagi asimame mahali pa baba yako, na umefanya vizuri. Nakuuliza kama mtu anayezeeka haraka. Kuna nini?

Koko wako,
Anselme


Epulu, tarehe 30 Machi 2025

Koko wangu mupenzi,

Barua yako imekaa njiani kuliko mimba ya panya. Lori la Blanchard lilizama matope baada ya Mambasa, na alipofika hapa bahasha ilikuwa na harufu ya samaki ya chumvi. Nilisoma habari ya chumvi nikiwa nanusa chumvi. Nilicheka mpaka Davy akatoka chini ya moto yake, ile pikipiki, mikono imejaa mafuta, akauliza, “Iko nini? Muzee amekufa ao amepona?” Nikamwambia, “Hakuwa mugonjwa.” Akasema, “Basi hiyo ni nguvu. Mimi hata siku moja siwezi kukula bila chumvi.”

Siye tuko wazima. Mama ananiandikia kutoka Mahagi kwamba mihogo imekubali. Davy anakusalimia sana. Amepewa kazi ya kutengeneza moto zote za walinzi wa hifadhi, kwa hiyo hata kanzu yake ya kwenda misa inanuka petroli.

Koko, nilisikia ulimwambia tantine Suzanne kwamba mujukuu wako mwenye diplome anaokota mavi porini. Ni kweli, lakini umeeleza vibaya: ni mavi ya okapi, na ni kazi ya utafiti. Okapi hataki kuonwa. Miaka minne niko hapa, porini nimemuona kwa macho mara chache sana. Hapigi kelele, hakimbii ovyo. Ukipita karibu naye anasimama tu katikati ya majani, na weye unapita ukifikiri pori ni tupu. Sasa utajuaje kama ana hofu? Tunafuata njia zake na wafuatiliaji wa Kimbuti, watu wa pori hili, tunapata mavi mapya, tunayatia katika chupa, chupa katika barafu. Maabara iko mbali, majibu yanachukua miezi. Ndani ya mavi muna ile kitu ya tezi zako, ile ya kofia. Ndiyo hivi tunajua: huyu wa upande wa mutoni alikuwa anakula vizuri, na huyu wa karibu na njia ya wachimbaji alikuwa anaishi na moyo juu. Kwa macho wote wawili wanafanana. Ngozi inangaa vilevile.

Na jambo lingine ambalo utapenda, mwalimu. Mutoto wa okapi akizaliwa, mama anamuficha mahali, na yule mutoto hajisaidii kwa majuma mengi. Hata kidogo. Ili chui asipate harufu. Anakunywa maziwa, anakua, anafunga kila kitu ndani.

Mimi sikujua unaogopa. Watu wote wa kwetu wanasema Muzee Anselme ni mugumu, ni jiwe. Nilikuwa ninajiambia, mimi sijachukua damu yake.

Kuhusu ndoa, kazi ni mingi msimu huu, barabara ni mbaya, na parokia ina ndoa nyingi. Hakuna kitu kingine. Tafazali usiniulize tena, Koko.

Na weye mwambie tantine juu ya chumvi. Ni zambi.

Wako,
Huguette


Bunia, Shari, siku ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mjukuu wangu mpendwa,

Bwana amefufuka, na shangazi yako karibu anizike.

Nilimwambia asubuhi hii, kwa sababu ni sikukuu na nilidhani atakuwa na huruma. Alikuwa anatwanga majani ya muhogo kwa sombe. Mchi ukabaki juu.

“Baba, unasema nini?”

“Ninasema sina tension, mama.”

“Siku gani imepona?”

“Haijapona. Haikuwepo.”

Akaushusha mchi polepole. Nilimwona anahesabu ndani ya kichwa chake. “Miaka yote hii,” akasema, “siye tunakula majani sawa mbuzi. Wageni wanakuja hapa, wanaonja, wananiangalia kwa huruma, wanafikiri sijui kupika. Mume yangu alikuwa anakwenda kukula kwa mama yake! Na weye unakaa pale mezani, unasema, Aksanti Suzanne, chakula ni kizuri!”

“Kilikuwa kizuri.”

“Hapana kunisemesha!”

Akaingia jikoni, akatoka na pakiti ya chumvi, akamimina ndani ya chungu bila kupima. Tulikula sombe ya Pasaka kama watu waliookolewa baharini. Alikula akilia, halafu akicheka, halafu akiuliza kwa nini, na mimi nikasema nitamweleza siku nyingine. Akanitazama sana. Nilimfundisha biolojia na hakuchagua sayansi, lakini anasoma watu.

Huguette, sasa ucheke na hili: kesho yake nilivimba miguu. Infirmier ametoka hapa sasa hivi. Safari hii hakupima mkono tu. Alisikiliza kifua, akabonyeza miguu na kidole, alama ikabaki. Moyo wangu umechoka kweli. Umejaa maji. Ameagiza nisile chumvi. Suzanne alipomsikia alikwenda kusimama nje ya mlango, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikujua kama ni kicheko. (Naona niliandika Pasaka juu ya karatasi, na sasa niko Jumanne. Ndivyo barua zangu zinavyokwenda siku hizi, natua na kuanza.)

Nilipenda sana habari ya mtoto wa okapi. Naijua biolojia ya wanyama wengi na hiyo sikuijua. Nimeifikiria mpaka nikaona aibu, kwa sababu yule mtoto anafunga majuma tu halafu anafungua, na mimi naelekea kuzikwa bado nimefunga.

Usiseme hukuchukua damu yangu. Umesema hivyo ukifikiri damu yangu ni ya jiwe.

Sababu zako za kuahirisha nimezisoma: kazi, barabara, parokia. Nimezipokea kama mtu mmoja mwenye tension anavyompokea mwenzake. Najua jinsi zinavyoandikwa. Hukutaka niulize tena, kwa hiyo siulizi. Nasema tu kwamba nimekaa kwenye kiti, karibu na dirisha lililofunguliwa (Suzanne ameshinda), na karatasi iko hapa.

Msalimu Davy. Mwambie Muzee bado hajafa, na kwamba kanzu inafuliwa kwa majivu na ndimu.

Koko wako,
Anselme


Epulu, tarehe 8 Juni 2025

Koko,

Shikamoo. Nimesikia kwa Blanchard kwamba ulilazwa katikati ya mwezi wa tano, na kwamba umerudi nyumbani. Aliniletea barua yako pamoja na habari hiyo, akasema ulimpungia mukono kutoka dirishani. Huku mvua ni ya kila siku. Mama hajambo. Davy hajambo. Mutoto wa jirani amezaliwa, wamempa jina Régine. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi, na sasa nitafanya sawa weye, nitatupa tu.

Ndoa haikuahirishwa na barabara. Ni mimi.

Mwezi wa kumi mwaka jana tulikwenda Mambasa kwa mafundisho ya wachumba. Tulikuwa wengi ndani ya sale, ule ukumbi wa misioni. Padri akasema tufanye zoezi: kila wawili wasimame mbele, waseme maneno ya ahadi, ili siku yenyewe wasibabaike. Watu walikuwa wanacheka, ilikuwa muchezo. Davy alisema yake. Ilipofika kwangu, watu wote wakanyamaza kunisikiliza, na Koko, pumzi ikakatika. Masikio yakaziba. Mikono ikawa baridi sawa samaki. Nilimuona Davy anafungua kinywa na sikusikia sauti. Nikakimbia. Nilitapika nyuma ya jiko ya misioni. Davy akanifuata na maji, akakaa chini hapo hapo. Akasema tu, “Sale ile ina joto mubaya.” Ilikuwa asubuhi, na kulikuwa na baridi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tulirudi. Ikawa vilevile. Safari hii hata mbele sikufika.

Sasa nitakuambia kwa nini nilisema ni kazi. Siku tulipomzika baba kule Kilo, mwaka 2008, nilikuwa na miaka kumi na mbili. Unajua hali ilivyokuwa: shimo la dhahabu lilimuangukia, na walichukua muda kumutoa, kwa hiyo kuzika haikuweza kungojea. Lakini tulingojea. Kwetu aliyezaa ndiye anasimama mbele ya kaburi kueleza watu: mutu huyu alizaliwa hivi, aliishi hivi, amekufa hivi. Bila hiyo, ni sawa mutu amezikwa bila kwao. Tantine Suzanne alikuwa amefika tangu jana yake, akasema baba yake iko njiani. Katekista akaimba nyimbo zote anazojua. Jua likapanda. Wajomba wakaanza kunungunika. Kila mutu alijua weye na baba mulikuwa mumegombana juu ya yeye kuacha shule na kwenda kuchimba, na kwamba ulimuambia asikanyage kwako na matope ya dhahabu. Basi wakasema ndiyo hiyo, muzee amekataa maiti.

Nikasimama mimi. Hakuna mutu alinituma. Nilisema kitu, sijui nini. Mpaka leo siwezi kukumbuka hata neno moja, na mama pia hakumbuki kwa sababu alikuwa chini analia. Halafu wakazika.

Jioni mama aliniambia, “Angekuwa anamupenda, angefika. Hata kwa magoti angefika. Mwili wa mutu hauendi mahali moyo haitaki.” Nimekomaa na maneno hayo. Tulikusamehe, Koko. Mimi nimekupenda hata hivyo, kila likizo, weye na mifupa yako ya plastiki na somo za figo. Lakini nilijua jambo moja juu yako: kwamba mwanao hukumutaka.

Sasa mwili wangu hauendi mahali Davy iko. Na ninamupenda; ao ninafikiri ninamupenda, na mwili unajua kuliko mimi? Ninasoma mavi ya okapi na kuandika, huyu ana hofu, bila kumuuliza. Basi na mimi nimejisoma. Mwezi wa nane nitamuambia Davy aende atafute mwingine. Bado sijamuambia. Weye ndiye wa kwanza.

Sikuulizi kitu kuhusu siku ile. Ninakueleza tu.

Huguette


Bunia, Shari, tarehe 29 Juni 2025

Mjukuu wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Mimi naendelea, nalala nimekaa, kwa sababu nikilala chali maji yanapanda. Suzanne ananisogezea mito.

Usimwambie Davy kitu bado. Nakuomba.

Unachoeleza ni kitu kinachojulikana vizuri sana. Tezi haina macho. Haijui kama ni chui, au bunduki, au padri na kundi la wachumba wanaocheka. Inajua tu kwamba mara moja, zamani, ulisimama mbele ya watu wakanyamaza, na siku ile ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Imeweka alama. Ukisimama tena mbele ya watu wakanyamaza, inapiga kengele ileile. Ndiyo maana pumzi inakuwa fupi na damu inaondoka mikononi kwenda miguuni. Jaribu hivi: vuta pumzi kidogo, itoe polepole mpaka iishe kabisa, kama unapoza uji wa mtoto, rudia. Moyo unatii kutoa pumzi kuliko kuvuta. Kanyaga chini kwa nguvu ili miguu ijue iko wapi. Mwombe padri zoezi lifanywe na watu wawili tu, halafu wanne, halafu wengi. Mwili unafundishika, hata kama ni mwanafunzi mzito.

Kuhusu siku ile ya Kilo, nimeandika karatasi mbili nikazichana. Blanchard anapiga honi nje.

Koko wako,
Anselme


Epulu, tarehe 20 Julai 2025

Koko,

Aksanti kwa somo. Ni somo muzuri, mwalimu, na lile la uji nimelijaribu, linasaidia kidogo. Niliomba padri, amekubali watu wawili tu: Davy na mama wa jikoni ya misioni, ambaye ni kiziwi nusu. Nilisema neno la kwanza na la pili.

Lakini sikuomba somo.

Unasema tezi haijui. Mama anasema mwili unajua. Weye uko na vitabu, mama iko na siku ile. Siku ile mama ndiye alishinda, kwa sababu hukufika, na tangu hapo hakuna kitabu kimemujibu. Davy anafikiri niko ninapona. Mimi bado sijui kama ninapona ao ninajilazimisha kuolewa na mutu ambaye moyo yangu haitaki. Mwezi wa nane umefika mulangoni.

Kula vizuri. Bila chumvi.

H.


Bunia, Shari, tarehe 5 Agosti 2025

Huguette wangu,

U mzima? Davy mzima? Hapa mahindi yamevunwa, na padri alikuja juzi akanipaka mafuta matakatifu. Mimi nilimwungamia yote, akaniondolea, halafu nikaona bado sijasema kwa mtu mwenye haki ya kusikia. Mwandiko umelala kwa sababu mkono umevimba. Suzanne alitaka nimwambie yeye aandike. Nimekataa, yeye nitamsomea baadaye, maana na yeye alingojea siku ile.

Sikuambii uolewe. Davy ukimtaka au usipomtaka, hilo ni lako, na ukimwacha kwa sababu amekuchosha au kwa sababu ya petroli, nitakuwa upande wako. Nataka tu usimwache kwa neno ambalo mimi ndiye niliyelitia nguvu kwa kunyamaza. Mama yako hakukosea kusema alivyosema. Alisema kwa alichokiona.

Ni kweli tuligombana, mimi na baba yako. Ni kweli nilimwambia habari ya matope. Placide alikuwa na akili kuliko wote niliowafundisha, na nilidhani nikimfungia mlango atarudi darasani. Alicheka. Akasema, “Baba, nitakuja na viatu safi.” Alikuja pia, mara mbili, amevaa viatu vyeupe kama vya mtu wa bendi, na tulikula pamoja, na mlango ulikuwa wazi. Hayo watu wa Kilo hawakuyajua. Niliwaacha wayaamini ya ugomvi, kwa sababu baba aliyekasirika bado ni baba, watu wanamwogopa na kumheshimu. Sikuona namna ya kuwaambia lile lingine na kubaki mtu mbele yao. Nikachagua waniite jiwe. Na wewe ukakua na babu wa jiwe, na leo unajipima mwili wako kwa jiwe lile.

Habari ilipotufikia, mwalimu mwenzangu Michée, ambaye sasa ni marehemu, alinipa gari lake na kuliendesha mwenyewe. Tulitoka Bunia asubuhi. Nilikuwa na koti, na mfukoni nilikuwa na maneno ya kusema: mwaka aliozaliwa, alivyotembea mapema, alivyoukata mkia wa mbuzi wa jirani yetu ili aone ndani una nini. Njia nzima nilikuwa sawa. Nilimwambia Michée mpaka mzaha.

Tulipofika kilimani, juu kidogo ya kanisa dogo la Kilo, pale barabara inapopinda, alizima gari. Na kilio kikatufikia. Kilikuwa cha watu wengi, kikapanda kwa pamoja kutoka chini.

Niliweka mkono kwenye kitasa. Mkono ukabaki pale. Niliuona, ulikuwa mkono wangu, na haukufanya kitu. Michée akaja upande wangu, akafungua mlango, akasema, “Mwalimu, tushuke.” Nilitaka kumjibu. Miguu haikuwepo. Suruali ikalowa mpaka kwenye kiti. Nilikuwa na akili zangu zote, Huguette, nilijua ni nini, ningeweza kukichora ubaoni, na niliganda kama nilivyoganda mbele ya wanafunzi, ila safari hii hakuna aliyecheka. Michée akafunga mlango ili wapita njia wasinione. Akasimama nje, akaegemea dirisha kunificha.

Nilisikia katekista akiimba na kuimba tena. Nilisikia mjomba wako akiuliza, “Sasa huyu muzee iko wapi?” Nilimsikia Suzanne akisema niko njiani. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumwita.

Halafu nilikuona kwa kioo cha mbele, umesimama wewe juu ya udongo mwekundu wa kaburi, na sare ya shule, kwa sababu hukuwa na nguo nyingine nzuri. Watu wakanyamaza. Unasema hukumbuki. Mimi nakumbuka, na ni mali yako, ichukue. Ulisema: “Baba yangu anaitwa Placide. Alikuwa anaimba vibaya. Kila asubuhi alikuwa anatuamusha na wimbo, na siye tunaziba masikio. Leo nimeamuka, hakuna mutu ameimba. Koko yangu angesema muzuri, lakini hajafika.”

Nilikuwa nimefika, Huguette. Nilikuwa ndani ya gari la Michée, nyuma ya mgongo wake, na nilikusikia mpaka mwisho.